Mcheza Kwao Hutuzwa: Sura za Wanakandanda na Waimbaji kwa Penseli katika Migori na Homa Bay

Utangulizi

Neno sura katika Kiswahili lina maana mbili ambazo mwanafunzi wa fasihi hukutana nazo kila siku. Kuna sura ya mtu, yaani uso na umbo lake, na kuna sura ya kitabu. Maneno haya yana asili mbili tofauti katika Kiarabu, lakini katika kinywa cha Mswahili yamekuwa na matamshi mamoja. Makala haya yanachunguza sanaa ambamo maana hizo mbili hukaribiana, nayo ni uchoraji wa sura za wanakandanda na waimbaji kwa penseli, kama unavyopendwa na vijana wa Migori na Homa Bay, magharibi mwa Kenya. Inadaiwa hapa kwamba mchoro wa aina hii ni utanzu wa sifa, sawa na utendi au wimbo wa kusifu. Hata hivyo, ni sifa inayotegemea picha iliyopigwa kwa kamera. Kwa sababu hiyo, humtuza kwanza yule aliyepigwa picha nyingi, ambaye si lazima awe ndiye aliyependwa zaidi.

Eneo na mashujaa wake

Migori na Homa Bay zilikuwa pamoja katika Wilaya ya Nyanza Kusini kabla ya kugawanywa, na leo ni kaunti mbili jirani zinazopakana na Ziwa Viktoria. Migori inapakana vilevile na Tanzania. Katika eneo hili, kandanda na muziki wa benga havitenganiki kwa urahisi. Klabu ya Gor Mahia, iliyoasisiwa mwaka wa 1968, ilipewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, sehemu ambayo sasa imo katika Kaunti ya Homa Bay. Mwaka wa 1987 klabu hiyo ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kuishinda Espérance ya Tunisia kwa kanuni ya mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 jijini Nairobi. Katika Kaunti ya Migori, timu ya Sony Sugar ya Awendo, mji wa kiwanda cha sukari, iliwashangaza wengi ilipoibuka bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka wa 2006.

Kwa upande wa muziki, haiwezekani kuzungumzia benga bila kumtaja Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wa Migori, akajijengea jina Kenya kwa nyimbo zilizosimulia historia na kuikejeli siasa kwa mafumbo. Alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwezi wa Mei mwaka wa 2006. Yupo pia Princess Jully wa Migori, ambaye wimbo wake "Dunia Mbaya" ulivuma mwishoni mwa miaka ya 1990 ukiwaonya watu juu ya Ukimwi. Hawa ndio mashujaa ambao mtu angetarajia kuzikuta sura zao katika daftari za wachoraji wa eneo hili.

Penseli na namna inavyofanya kazi

Kabla ya kuijadili sifa yenyewe, yafaa kukitazama chombo chake. Wazee wengi waliiita penseli kalamu ya risasi. Jina hilo linatokana na dhana ya kale ya Wazungu kwamba dutu nyeusi iliyochimbwa Borrowdale, Uingereza, tangu karne ya 16 ilikuwa aina ya risasi. Dutu hiyo kwa kweli ni grafaiti, ambayo ni kaboni. Mwaka wa 1795, Ufaransa ikiwa vitani na imekosa grafaiti ya Uingereza, Nicolas-Jacques Conté alisajili njia ya kuchanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na alama yake hafifu. Grafaiti ikizidi, penseli huwa laini na alama yake nyeusi. Huo ndio msingi wa herufi H na B zinazochapishwa kwenye penseli. Penseli ya HB, ambayo kila mwanafunzi anayo mkobani, iko katikati.

Mchoraji anayejifunza peke yake kwa kawaida huanza na miraba. Tuseme ana picha yenye upana wa sentimita 9 na urefu wa sentimita 13. Akiigawa kwa miraba ya sentimita moja moja, atapata miraba 117. Kwenye karatasi atachora idadi hiyohiyo ya miraba, kila mmoja ukiwa na sentimita mbili, kisha atahamisha kilichomo katika kila mraba. Sura itakuwa imepanuka maradufu bila pua wala jicho kupotea mahali pake. Baadaye miraba hufutwa, na kazi ya kutia kivuli huanza.

Kivuli ndicho humtenganisha fundi na mwanagenzi. Mwanagenzi akitaka kuchora ngozi nyeusi huikandamiza penseli ya 6B uso mzima. Matokeo yake ni karatasi inayong'aa kama sufuria, kwa kuwa grafaiti nyingi huakisi mwanga, na uso wenyewe huwa bapa. Fundi hujua kwamba ngozi nyeusi hujulikana kwa jinsi mwanga unavyoiangukia. Kwa hiyo huiacha karatasi nyeupe kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu na kwenye ncha ya pua, kisha huongeza weusi tabaka kwa tabaka kwa mkono mwepesi. Hulainisha kwa pamba au karatasi iliyoviringwa, na kwa ncha ya kifutio hurudisha nukta ya mwanga ndani ya mboni ya jicho. Nukta hiyo ikikosekana, anayechorwa huonekana kana kwamba hana uhai.

Mchoro kama sifa

Kitenzi chora kina maana ya kukwaruza au kutia nakshi juu ya mti, pamoja na ile ya kuchora juu ya karatasi. Aliyechorwa, basi, ametiwa alama isiyofutika upesi. Wazo hili si geni kwa Waluo wa Migori na Homa Bay. Katika ngoma za nyatiti, zeze la nyuzi nane, na baadaye katika benga, kuna desturi iitwayo pakruok. Msikilizaji humsimamisha mwanamuziki, humtuza fedha, kisha hujisifu au humsifu ampendaye kwa majina ya majazi mbele ya hadhira, na muziki huendelea. Pakruok ina mambo matatu: mtu anayesifiwa, gharama anayoitoa msifuji, na hadhira inayoshuhudia.

Mchoro wa penseli una mambo hayohayo. Mwanakandanda au mwimbaji ndiye asifiwaye. Gharama ni saa nyingi ambazo kijana amezitumia juu ya nyusi na mikunjo ya jezi. Hadhira ni wenzake darasani, au wateja wa kinyozi anayekubali kuubandika mchoro ukutani. Ndiyo maana mchoraji huyu hasemi kwamba amemchora mtu fulani tu. Husema amempatia au hakumpatia, kwa namna ileile malenga anavyopimwa iwapo sifa zake zimemfikia mhusika.

Nani hachorwi?

Hapa ndipo penye tatizo. Pakruok haihitaji picha; sauti na kumbukumbu vinatosha. Mchoro wa miraba hauwezi kuanza bila picha. Mwanakandanda wa ligi za Ulaya hupigwa picha kila wiki, tena kwa kila pembe, na hizo huenea katika magazeti, mabango na simu. Kwa hiyo ni rahisi kumchora Victor Wanyama akiwa na jezi ya Celtic iliyoishinda Barcelona 2-1 mwezi wa Novemba mwaka wa 2012, kuliko kumchora mchezaji wa Sony Sugar aliyenyanyua kombe Awendo miaka sita kabla ya hapo. Wa kwanza anastahili sifa, bila shaka. Wa pili alicheza kwao, na methali yetu yasema mcheza kwao hutuzwa.

Hali ya waimbaji ni ngumu zaidi. Benga ilienea kupitia redio na santuri ndogo, ambazo aghalabu ziliuzwa katika bahasha za kampuni zisizokuwa na picha ya msanii. Maelfu waliijua sauti bila kuijua sura. Hali ya Ulaya na Marekani ilikuwa kinyume. Mwimbaji wa opera Jenny Lind alipozuru Marekani mwaka wa 1850, sura yake iliyochorwa na kuchapishwa ilikuwa imewafikia watu wengi ambao hawakuwa wamewahi kumsikia akiimba. Lind alitanguliwa na sura yake, na msanii wa benga alitanguliwa na sauti. Leo sauti ya Misiani ingali inasikika, lakini kijana anayetaka kumchora hurudia picha chache zilezile, nyingine zikiwa na ukungu kiasi kwamba macho hayaonekani vizuri. Akibuni asichokiona, atakuwa amemsifu mtu mwingine.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mapenzi ya vijana wa Migori na Homa Bay kwa uchoraji wa penseli yanaendeleza desturi ya kusifu iliyokuwapo kabla ya penseli kufika. Yameonyesha pia kwamba desturi hiyo, ikiegemea kamera, inaweza kuwasahau wenyeji. Mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi mpya nchini, kwani mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, unaowaweka mchoraji, mwimbaji na mwanakandanda chini ya paa moja. Nafasi hiyo itakuwa na manufaa iwapo picha zenyewe zitapatikana.

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kwenda nyanjani kukusanya nyimbo na masimulizi. Yafaa, wanapoirekodi sauti ya mzee aliyewahi kupiga gitaa katika bendi au kuichezea timu ya mtaani, waombe pia ruhusa ya kuinakili picha iliyomo sandukuni mwake, na waandike nyuma yake jina, mahali na mwaka. Mzee akiondoka kabla ya hilo kufanyika, huenda wimbo wake ukabaki, lakini mchoraji atakuwa na karatasi yenye miraba mitupu.