Butembo na Beni: Akaunti ya mchezo ikiibiwa, jamaa nzima inaweza kulipa

Jioni, kazi za soko zikiisha, vijana wengi wa Butembo na Beni huinamia simu zao. Mmoja yuko ndani ya Free Fire, mwingine anacheza mpira. Mega ni bei kali, na mara nyingi simu ni moja kwa ndugu wawili ama watatu. Ndiyo maana akaunti iliyojengwa kwa miezi mingi inahesabiwa kuwa mali. Na penye mali, mwizi hakosi.

Mwizi huyu havunji mlango. Anaomba ufunguo, na mwenye nyumba anampa mwenyewe. Njia inayojulikana zaidi ni ahadi ya almasi za bure, zile ambazo mchezaji wa Free Fire hununua kwa makuta. Ujumbe unafika kwa WhatsApp ama Facebook pamoja na kiungo. Ukurasa unaofunguka unafanana na ule wa Facebook ama Google, na unaomba neno la siri, lile wengi wanaita «mot de passe». Kijana akiliandika, almasi hazifiki, na akaunti inaanza kumkataa.

Hasara haiishii kwenye mchezo. Wachezaji wengi huingia Free Fire kwa kupitia Facebook ama Google. Kwa hiyo aliyepata ufunguo wa mchezo amepata pia ujumbe, picha na majina ya wajomba na mama wadogo. Anaweza kuwaandikia kwa jina la kijana na kuwaomba makuta.

Hapo ndipo hatari inazidi kwa wakaaji wa eneo hili. Tangu mwezi Oktoba 2014, Beni inaishi na mauaji na utekaji wa raia. Jamaa nyingi zimekimbia na kutawanyika. Ujumbe wa kusema mtoto ametekwa ungetiliwa shaka mahali pengine. Hapa mzazi anauamini mara moja. Makuta yanaweza kutumwa kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money kabla ya mtu kupiga simu na kusikia sauti.

Wakati mwingine kosa si la mchezaji. Mwezi Desemba 2009, kampuni ya Marekani RockYou, iliyotengeneza programu ndogo za mitandao ya kijamii, iliibiwa maneno ya siri yapata milioni 32. Lililotumiwa na watu wengi zaidi lilikuwa 123456. Mwezi Aprili 2011, akaunti karibu milioni 77 za wachezaji wa PlayStation ya Sony ziliguswa, na huduma ikazimwa kwa wiki 3 na zaidi. Maneno yakishaibiwa, wezi huyajaribu kwenye milango mingine. Mwenye kutumia neno moja kwa mchezo, Facebook na barua pepe anapoteza vyote kwa siku moja.

Urefu wa neno ndio nguvu yake. Tarakimu 6 zinatoa michanganyo milioni 1 tu, na mashine inaimaliza upesi. Herufi ndogo 8 zinatoa zaidi ya bilioni 200, na kila herufi inayoongezwa inazidisha hesabu hiyo mara 26. Ni vizuri kuunganisha maneno manne yasiyohusiana, hata kwa kuchanganya Kiswahili na Kinande. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ama jina la timu havifai. Barua pepe iwe na neno lake peke yake, kwa sababu ndiyo inayorudisha akaunti zingine zikipotea.

Kufuli ya pili ni uthibitisho wa hatua mbili. Kwa WhatsApp, inapatikana kwenye «Paramètres», kisha «Compte», kisha «Vérification en deux étapes». Facebook na Google nazo zinayo. Namba zinazotumwa kwa simu kwa ajili ya kuthibitisha hazipewi mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni.

Kuna pia mambo ya kila siku. Kabla ya kuuza simu, mtu atoke kwanza kwenye akaunti zake zote. Anayecheza kama «Invité» aunganishe akaunti yake, kwani simu ikipotea mchezo nao unaweza kupotea. Puce iliyopotea wakati wa kukimbia na kukaa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine. Namba hiyo iondolewe kwenye akaunti. Google inatoa namba za akiba ambazo mtu anaweza kuandika kwenye karatasi na kuzitunza pamoja na kadi ya mpigaji kura.

Akaunti ikiisha kuibiwa, kazi ya kwanza ni kupigia jamaa simu ili wasitume kitu. Kisha neno la siri la barua pepe libadilishwe, na picha za ujumbe wa mwizi zihifadhiwe kama ushahidi. Sheria ya Kongo kuhusu mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia ndani ya mifumo ya wengine bila ruhusa.

Kinga nyingine haihitaji hata mega. Jamaa wakubaliane swali moja ambalo mgeni hawezi kulijibu, na ujumbe wa kuomba makuta ukifika, waulize swali hilo kwanza.