Tenke Fungurume: mwenye hisa nyingi hana kila mara neno la mwisho

Kampuni ya China CMOC iko na hisa 80 kwa mia katika mgodi wa Tenke Fungurume, jimboni Lualaba. Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo, iko na 20 kwa mia tu. Lakini mwezi wa saba 2022, ugomvi kati yao ulisimamisha uuzaji wa shaba na kobalti ya mgodi huo inje ya inchi.

Gécamines ilisema kwamba mwenzake alitangaza akiba ya madini iliyo ndogo kuliko ile ya kweli, ili alipe kidogo. CMOC ilikana. Madini iliendelea kuchimbwa na kurundikana, bila kuvuka mpaka.

Mapatano yalipatikana mwezi wa ine 2023: CMOC ilikubali kulipa Gécamines dolare milioni 800 kati ya 2023 na 2028, pamoja na gawio la faida lisilopungua dolare miliari 1,2 katika maisha yote ya mgodi.

Kesi hiyo inaonyesha namna maamuzi ya kampuni yanavyopatikana. Wadau ni wote wanaopata ao kupoteza kitu kampuni inapoamua: wenye hisa, serikali, benki, wanunuzi, wafanyakazi na wakaaji. Nguvu yao si sawa. Serikali inatoa ruhusa, benki inashika feza, mnunuzi anaweza kwenda kwingine, mfanyakazi anaweza kugoma.

Mwanakijiji anayevumilia vumbi na kupoteza shamba ndiye hana silaha kubwa. Silaha yake ni sheria. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni inayochimba kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wakaaji. Kwa mauzo ya dolare milioni 100, hiyo ni dolare 300.000. Tena, 15 kwa mia ya mrabaha wa madini ni ya sheferi, sekta ao komine ambamo mgodi uko.

Kampuni inapaswa pia kusikilizana na wakaaji juu ya kaye de sharje, mkataba unaotaja shule, barabara ao maji itakayojengwa. Kivu, Ituri ao Lualaba, sheria ni moja. Kijiji kinachoingia katika mazungumzo hayo bila kujua hesabu ya mauzo kitapokea kile kampuni inapenda kutoa.