Stima ya Kitale na Bungoma: Kweli au Uongo?

Saa moja usiku taa zinafifia, kinu cha kusaga unga kinanguruma bila kusaga, na kila mtu ana maelezo yake. Tuyapime manne.

"Stima ya Kenya ni ya mafuta."
UONGO. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa 1981, na leo mvuke ndio nguzo ya gridi.

"Upepo hauaminiki, basi haufai."
UONGO. Upepo haufanyi kazi peke yake. Mvuke wa Olkaria haujui usiku wala mawingu. Na mitambo ya upepo ya Loiyangalani, yenye megawati 310, inapozunguka kwa nguvu, mabwawa kama Turkwel yanaweza kubana maji yake hadi jioni. Bwawa ni ghala la umeme tulilo nalo tayari.

"Tukijenga mitambo zaidi, giza litakwisha."
UONGO. Mitambo ya Loiyangalani ilikamilika 2017, lakini ilikaa hadi Septemba 2018 ikingoja laini ya zaidi ya kilomita 400 kufika Suswa. Magharibi tunalijua tatizo hilo la laini: umeme unaosafiri mbali kupitia laini zilizolemewa hufika umechoka. Ndiyo maana 2016 kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ilihamisha mtambo wa mafuta kutoka Embakasi hadi Muhoroni, kuutia nguvu umeme wa upande huu. Mafuta yakachomwa huku mvuke upo.

"Betri kubwa ni anasa."
UONGO, na huu ndio unaotugharimu zaidi. Usiku wa manane matumizi hushuka, na mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Hakuna mkulima wa Trans Nzoia anayevuna mahindi yote Novemba halafu akamwaga yaliyozidi chakula cha siku hiyo; huyaweka ghalani. Betri nayo ni ghala: ikiwekwa huku kwetu, itajazwa usiku laini zikiwa na nafasi, kisha itoe umeme jioni laini zinapojaa. Ghala moja litakuwa limeokoa mvuke na kupunguzia laini mzigo.

Basi kiongozi akija kutuahidi mtambo mpya, tumuulize mambo mawili: laini ya kuufikisha umeme huo kwetu iko wapi, na ghala lake litajengwa lini?