Vibao 102 vya Johansson

Carl Edvard Johansson alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha bunduki cha serikali mjini Eskilstuna, Sweden. Mwaka 1896 alikwenda Oberndorf, Ujerumani, kuona kiwanda cha Mauser kinavyopima sehemu za bunduki zake. Alichokiona hakikumfurahisha: kila kipimo kilikuwa na kipande chake cha chuma cha kulinganishia, na kipimo kikibadilika sharti kichongwe kipande kingine. Gharama yake ilikuwa kubwa.

Maikromita, yaani vifaa vya kupimia unene kwa usahihi, zilikuwapo tangu zamani. Henry Maudslay wa London alitengeneza yake mwanzoni mwa karne ya 19, ikapewa jina la Lord Chancellor, cheo cha jaji mkuu wa Uingereza enzi hizo, kwa kuwa hukumu yake haikatiwi rufaa. Jean Laurent Palmer wa Paris akasajili ya kushika mkononi mwaka 1848. Lakini maikromita yenyewe ikaguliwe kwa kifaa gani?

Jibu lilimjia Johansson akiwa kwenye treni ya kurudi kwao. Badala ya maelfu ya vipande, vibao 102 vya chuma vingetosha, mradi viweze kuunganishwa. Fundi anayetaka milimita 38.27 huchukua kibao cha 1.27, cha 12 na cha 25, basi. Seti nzima hutoa vipimo 20,000, kuanzia milimita 1 hadi 201, kila kimoja kikizidi kingine kwa 0.01. Nyuso za vibao ni laini mno hata ukivitelezesha kimoja juu ya kingine hung'ang'aniana bila gundi wala sumaku.

Kazi ya kuvisugua aliifanya nyumbani kwa cherehani ya mkewe, aliyoigeuza mashine ya kunolea. (Historia haielezi vya kutosha mke alisemaje.) Hataza ya Sweden aliipata baadaye, na mwaka 1923 akajiunga na Ford, Marekani.

Inchi nayo ilimtatiza, kwani ya Uingereza na ya Marekani hazikulingana. Yeye akachagua milimita 25.4 kamili, vibao vikiwa kwenye nyuzijoto 20. Viwanda vikamfuata, na mwaka 1959 nchi zilizokuwa zikitumia inchi zikakubaliana rasmi na kipimo hicho.

Hizo nyuzi 20 si mapambo. Kibao cha chuma cha milimita 100 kikiwa katika karakana ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 hurefuka kwa takriban milimita 0.01. Ndiyo maana vyumba vya kukagulia vipimo huwekwa viyoyozi, na kibao kilichoshikwa kwa vidole huachwa kwanza kipoe.