Chembe Moja kwa Karne

Ukiona picha ya Pampa Amarilla, nyika iliyo karibu na mji wa Malargüe nchini Argentina, utadhani kuna mradi wa maji wa kijiji. Matangi ya plastiki, ya aina ile tunayoiita simtanki, yamesimama mojamoja vichakani, na ng'ombe wanakuja kujikuna pembeni yake. Kila tangi lina lita 12,000, ila hakuna bomba wala ndoo. Maji yamesafishwa mno, yakafungiwa ndani ya mfuko usiopitisha mwanga, na hayatakiwi kuliona jua hata mara moja.

Matangi hayo ni kama 1,660. Kutoka tangi hadi tangi ni kilomita moja na nusu, na yote yametandazwa kwenye kilomita za mraba 3,000. Hicho ndicho Kituo cha Pierre Auger, kikubwa kuliko vyote duniani vinavyopima mionzi ya kosmiki.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, Iringa. Wanafunzi wangu hawana shida kukubali kwamba kuna chembe zinazotoka anga za mbali. Wanagoma pale ninaposema nishati ya chembe moja inajulikana. "Mwalimu, wameipimaje wakati ilishapasuka huko juu?" Ni swali zuri kuliko mengi yanayoletwa na mitihani.

Chembe za mionzi ya kosmiki ni protoni na viini vya atomu, na nyingi hazina makuu. Lakini tarehe 15 Oktoba 1991 kituo cha Fly's Eye, jimbo la Utah, Marekani, kilinasa moja yenye jouli kama 50. Hiyo ni nishati ya kunyanyua mfuko wa unga wa kilo 5 kwa mita moja, imebebwa na kitu kidogo kuliko atomu. Protoni inayokimbizwa kwenye mtambo wa CERN haifui dafu: ile ya Utah inaizidi zaidi ya mara milioni 40. Tabu ni uchache wake. Chembe za daraja hilo huangukia kilomita moja ya mraba mara moja kwa karne, au hata chini ya hapo. Weka kifaa juu ya paa usubiri, na watakaokuja kukisoma ni wajukuu zako.

Hewa ndiyo inayotuokoa. Chembe ikigonga kiini cha naitrojeni au oksijeni inazaa nyingine, nazo zinagonga na kuzaa, hadi yanakuwa manyunyu ya mabilioni ya chembe yanayoshuka pamoja na kutandaa kilomita kadhaa. Mfaransa Pierre Auger alilithibitisha hilo mwaka 1938: alitenganisha kaunta zake za kuhesabu chembe, hadi mita 300 huko kwenye milima ya Alpi, na bado zililia pamoja.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Dalili ilikuwa imeshaonekana Asmara. Mwitaliano Bruno Rossi alikwenda huko mwaka 1933, Eritrea ikiwa koloni la Italia, kupima jambo jingine. Akaona kaunta alizozitenganisha zikilia kwa wakati mmoja mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu. Akaliandika, hakupata wasaa wa kulifuatilia. Mwaka 1938, mwaka ule ule wa Auger, sheria za ubaguzi za Mussolini zikamfukuza chuoni Padova kwa kuwa ni Myahudi. Sijaiona habari hii kwenye kitabu chochote cha shule, na inaniuma kidogo.

Turudi kwenye tangi. Ndani ya maji mwanga hupungua hadi robo tatu ya kasi yake. Chembe za manyunyu zinaupita, na zikiupita huacha mmweko hafifu wa buluu, mwanga wa Cherenkov. Macho matatu ya kioo yaliyofungwa juu, yakitazama chini majini, yanaunasa na kuugeuza umeme. Paneli ya sola na betri vinaendesha kila kitu, antena inatuma habari, na saa inafuata setilaiti za GPS.

Saa ndiyo inayotoa mwelekeo. Mwanga hukata mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Manyunyu yakishuka wima, matangi jirani yanamweka karibu pamoja; yakija yamelala kabisa, tangi la pili linachelewa kwa sehemu 5 za milioni. Katikati ya hapo ni hesabu za pembetatu tu.

Nishati ina kazi zaidi. Kila sekunde chembe kama 2,500 za kawaida ziitwazo miuoni, mabaki ya manyunyu madogo, hupita kwenye kila tangi. Mwingine angeziita kero. Watafiti wa kituo wamezifanya kipimo: mwanga wa miuoni moja inayopita wima ndio "moja", na manyunyu makubwa yanahesabiwa kwa hiyo. Kisha wanakokotoa ukali wa manyunyu mita 1,000 kutoka kitovu chake.

Namba hiyo bado haijawa nishati. Kwenye vilima vya pembezoni ziko darubini 27 zinazotazama hewa yenyewe. Manyunyu yakipita, naitrojeni hutoa mwanga wa urujuanimno, na kiasi chake hufuata nishati iliyomwagwa hewani. Lakini darubini zinataka usiku wa giza usio na mawingu, yaani kama sehemu moja ya saba ya muda wote, wakati matangi hayana usiku wala mchana. Kwa hiyo manyunyu yaliyoonwa na pande zote mbili yanatumika kuyafundisha matangi kusoma nishati, halafu yanaachiwa yasome peke yake. Nikifika hapo darasani, wale wagomvi hunyamaza, au huhamia kwenye swali la pili: zinatoka wapi?

Mwaka 2017 watafiti wa Kituo cha Auger walionyesha kwamba zile zenye nishati kubwa zaidi zinatoka nje ya galaksi yetu, bila kutaja chimbuko, maana sumaku za angani huzipinda njiani. Kiini cha chuma hupindwa zaidi kuliko protoni, na kuvitofautisha inabidi kuhesabu miuoni mbali na elektroni. Ndiyo maana juu ya matangi sasa zimewekwa bapa za plastiki inayomweka, ambazo huzisikia elektroni kwa uwiano tofauti na maji.