Moshi wa Mbabula, Afya ya Lubumbashi

Mwaka 1911 kiwanda cha kampuni ya madini ya Union Minière kiliyeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi. Kwa miongo mingi iliyofuata, bomba lake lilimwaga gesi ya salfa na vumbi lenye shaba, risasi na kadimiamu, na pepo za kusini-mashariki zikalipeleka vumbi hilo hadi mtaa wa Penga Penga. Hadi leo metali hizo zimo udongoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamepanda huko nyasi za asili zinazovumilia shaba, ili udongo usipeperuke.

Moshi wa namna hiyo una tiba. Mufulira, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, mitambo huinasa gesi ya salfa na kuigeuza asidi ambayo migodi huihitaji kutenga shaba na mawe.

Mgumu zaidi ni moshi wa nyumbani. Jioni mbabula, jiko dogo, huwashwa kwa makala, yaani mkaa, ili bukari, yaani ugali, ipikwe. Makala yakikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoizuia damu kubeba oksijeni. Pamoja nayo huruka chembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5.

Madhara ya makala kwa tabianchi huanzia porini. Katika matanuri ya udongo, kilo kadhaa za miti ya miombo huishia kuwa kilo moja tu ya makala, na moshi wake hubeba masizi na methani. Masizi hunyonya joto la jua, lakini huanguka chini baada ya siku au wiki chache. Methani hudumu takriban muongo mmoja. Kaboni dioksidi hukaa karne nyingi. Ndiyo maana kupunguza masizi na methani huleta nafuu ambayo kizazi hiki kitaiona, huku mapafu yakipona kuanzia jikoni.

Mbabula iliyozungushiwa udongo ndani hutunza joto na kula makala machache. Kupikia uani huokoa maisha. Umeme ungefanya zaidi. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye kilomita 1,700 hivi, ilifika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi, ilhali mitaa mingi ya Lubumbashi ingali ikikatiwa umeme saa za kupika. Mgao wa umeme wa eneo hili la Katanga unastahili kupangwa na wizara ya afya nayo ikiwa mezani.