TEKNOLOJIA: Jinsi ya kugeuza midundo ya tarakilishi kuwa nota

WIMBO "Umbrella" wa mwanamuziki Rihanna ulipotamba kote duniani mnamo 2007, wengi walivutiwa na ngoma nzito zinazoufungua. Baadaye ilibainika kwamba mdundo huo ulichukuliwa kutoka GarageBand, programu ya kutengenezea muziki iliyozinduliwa na kampuni ya Apple mnamo 2004. Yeyote aliyekuwa na programu hiyo angeupata mdundo uo huo na kuutumia atakavyo.

Vipande vya aina hiyo huitwa lupu. Ni mdundo mfupi, aghalabu wa sekunde chache, uliotengenezwa kwa namna ambayo mwisho wake huungana na mwanzo wake, hivyo unaweza kurudiwa hata mara mia bila msikilizaji kusikia kiungo.

Vijana wengi wanaojifunza utayarishaji wa muziki huanzia hapo. Hawana bendi wala pesa za kukodi studio. Walicho nacho ni tarakilishi, vipokea sauti vya masikioni na hamu kubwa.

Tatizo ni kwamba lupu iliyomfaa mmoja huwafaa maelfu. Matokeo yake ni nyimbo zinazofanana mithili ya sare za shule, na mtunzi anayetaka kubadilisha pigo moja tu hujikuta hana pa kuanzia. Dawa ya tatizo hilo ni kuigeuza lupu, au ruwaza ya midundo, iwe nota zinazoweza kuhaririwa moja moja.

Kwanza sharti ieleweke kwamba lupu ni za aina mbili. Zipo zilizo sauti halisi iliyorekodiwa, na zipo zilizo maagizo tu: piga nota fulani, wakati fulani, kwa nguvu fulani. Ya kwanza ni chapati iliyokwisha kuiva. Unaweza kuikata vipande, lakini huwezi kuirudisha kuwa unga. Ya pili ni unga wenyewe na maelezo ya mpishi. Katika GarageBand, lupu za rangi ya samawati ni za aina ya kwanza, na za kijani ni za aina ya pili.

Lugha ya maagizo hayo huitwa MIDI. Ilionyeshwa hadharani Januari 1983 katika maonyesho ya ala mjini Anaheim, Marekani, pale vinanda vya makampuni mawili hasimu, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, vilipounganishwa kwa waya na kimoja kikakiongoza kingine. Waasisi wake wakuu, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walitunukiwa tuzo ya Grammy ya kiufundi mnamo 2013, miaka 30 baadaye.

MIDI haibebi sauti. Hubeba nambari. Kila nota hupewa nambari kati ya 0 na 127, na ile ya katikati ya piano ni 60. Nguvu ya pigo nayo huhesabiwa vivyo hivyo.

Njia rahisi ya kuona mageuzi haya yakitendeka ni kupitia FL Studio, programu iliyotoka Ubelgiji mnamo 1997 ikiitwa FruityLoops na kubadilishwa jina mnamo 2003. Ndani yake mna ubao wenye mistari ya vijisanduku, kila mstari ukiwa wa ala moja. Ukibofya kijisanduku, ala hulia zamu yake ifikapo. Hata mtoto anaweza kuunda mdundo kwa dakika tano.

Lakini ubao huo una mipaka, na hapa ndipo mwanamuziki wa Pwani anapopaswa kutega sikio.

Kwa kawaida mstari una vijisanduku 16, yaani mapigo makuu manne, kila pigo likigawanywa mara nne. FL Studio, isipoamriwa vingine, hulihesabu pigo kuu kuwa na vipande vidogo 96 vya muda. Kwa hivyo vijisanduku vya pigo moja huangukia kipande cha 0, 24, 48 na 72.

Sasa chukua chakacha, ngoma ya akina mama wa Uswahilini ambayo bendi kama Mombasa Roots ziliipeleka kwenye kumbi za dansi. Chakacha hugawanya pigo mara tatu, si mara nne. Mikono ya mpiga ngoma huangukia kipande cha 0, 32 na 64. Hakuna kijisanduku cha 32 wala cha 64. Anayelazimisha chakacha kwenye ubao huo hupata kitu kinachofanana na chakacha lakini kisichoweza kumwinua bibi harusi kitini.

Ni kweli kwamba mgao wa ubao unaweza kubadilishwa ukawa wa tatu tatu. Hata hivyo, kufanya hivyo huzifunga ala zote katika hesabu moja, ilhali utamu wa ngoma zetu mara nyingi hutokana na mmoja kupiga tatu huku mwenzake akipiga mbili au nne.

Suluhisho ni kubofya jina la ala kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua amri ya kuipeleka ruwaza kwenye piano rolo. Huo ni ukurasa uliorithi jina lake kutokana na karatasi zilizotobolewa matundu, ambazo zamani ziliendesha piano zilizojipiga zenyewe. Papo hapo kila kijisanduku hugeuka kijiti kilicholala. Urefu wa kijiti ni muda wa nota, na kimo chake ukurasani ni wembamba au uzito wa sauti. Chini yake huonyeshwa nguvu ya pigo.

Kuanzia hapo mtunzi ni huru. Kijiti cha 24 anaweza kukisukuma hadi 32, au hadi 30 iwapo anataka pigo liwahi kidogo kama la binadamu. Logic Pro ya Apple inayo amri kama hiyo kwa ruwaza zake.

Kugeuza sauti iliyorekodiwa ni kibarua kigumu zaidi. Mnamo 1994 kampuni ya Propellerhead ya Uswidi ilitoa ReCycle, iliyokata lupu kila palipo na pigo na kukipa kila kipande nota yake. Melodyne ya Ujerumani ilipiga hatua kubwa mnamo 2009 ilipoweza kuzitenganisha nota zinazolia pamoja. Ableton Live 9 ya mwaka wa 2013 ilileta amri tatu: moja ya ngoma, moja ya sauti inayoimba peke yake, na nyingine ya sauti zinazolia kwa pamoja. Mnamo 2022 Spotify ilitoa Basic Pitch, inayofanya kazi hiyo bila malipo.

Zote hukosea. Mpe mashine nyatiti yenye nyuzi nane, pamoja na pete ya chuma ambayo mpigaji huivaa kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ala, na huenda ikaudhani mgongo huo wa pete kuwa uzi wa tisa. Isitoshe, nambari za MIDI zilitungwa kwa kufuata piano, yenye nota 12 katika kila oktavu. Mpiga udi wa taarab akitua katikati ya nota mbili, mashine humsogeza hadi kwenye nota iliyo karibu, na ladha ya Kiarabu hupotea. Mtunzi hulazimika kuirejesha mwenyewe kwa kuipinda nota hiyo kidogo kidogo.

Aidha, kugeuza si kumiliki. Anayeitoa ala katika wimbo wa mwingine na kuifanya nota bado ameichukua tungo ya mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hapa Kenya huzilinda tungo, si rekodi pekee.

Watayarishaji wazoefu hufanya jambo moja kabla ya yote: huhifadhi nakala ya ruwaza ya awali. Kisha huicheza sambamba na nota mpya, moja katika sikio la kushoto na nyingine katika la kulia, na kila zinapoachana huzirekebisha kwa mkono.